Kupanga Uongozi wa Dharura katika Kitivo cha Chuo Kikuu mjini Lamu

Anzeni kwa kumteua msimamizi mmoja wa tukio pamoja na manaibu wawili, kwa majina na si kwa vyeo, kwa sababu mkuu wa kitivo huenda siku ya dharura yuko Mombasa. Mfumo huu wa kuongoza dharura, uitwao kwa Kiingereza Incident Command System, uliobuniwa California baada ya mioto ya misitu ya mwaka 1970, humtaka kila kiongozi asimamie watu wasiozidi saba, na watano ndio wanaofaa zaidi. Chini ya msimamizi wawekwe wakuu wa shughuli, mipango, vifaa na fedha; kitivo kidogo kinaweza kumpa mtu mmoja kazi mbili.

Linalohitaji fikra zaidi hapa Lamu ni njia. Vichochoro vya Mji wa Kale havipitishi gari la zimamoto, na majeruhi anayepelekwa bara hupita baharini. Basi kubalianeni mapema na nahodha wa boti, mjue maji yakipwa atatia nanga wapi, na machela ijaribiwe kwenye ngazi nyembamba kabla ya siku yenyewe. Yetu ilikwama kwenye kona ya kwanza. Nambari za simu, zikiwemo 999 na 112, zichapishwe kwenye karatasi, maana umeme hukatika.

Zoezi lifanywe kila muhula, na angalau mara moja lifanywe usiku.