Kwenda Rondo kutafuta ndege adimu, jipange hivi

Watu wa Lindi na Mtwara tunapandaga basi mpaka Mikumi kuangalia tembo, wakati huku huku kwetu mkoa wa Lindi, kwenye msitu wa juu ya uwanda wa Rondo, kuna ndege ambao wazungu wanavuka bahari kuja kuwatafuta. Ila ukienda Rondo kwa akili ya Mikumi utarudi unanung'unika, kule hakuna cha kuona ukiwa umekaa kwenye gari, ndege wenyewe wadogo na msitu umefunga.

Rondo ni Hifadhi ya Mazingira Asilia, iko chini ya TFS, Wakala wa Huduma za Misitu, kwa hiyo usijiendee tu. Wasiliana nao kwanza, waambie mko wangapi na kama mtalala, ulizia malipo, watanzania tunalipa kwa shilingi, afu omba mtu wa kuongozana naye na utaje kabisa kwamba mnafuata ndege, manake anayejua miti sio lazima ajue ndege. Usafiri sio kazi, ukitoka Lindi unashika barabara ya Masasi halafu unachepuka kupanda mlima, ila kipindi cha mvua hako kagari kadogo ka kuazima kaache nyumbani.

Sasa lini? Hapa ndo watu wanakosea. Wengi wanataka kiangazi, mwezi wa saba wa nane, barabara kavu. Sawa, barabara kavu lakini ndege mnayemfuata hasa, anaitwa mkesha mwenye madoa, miezi hiyo ya katikati ya mwaka wengi wao wako pwani ya Kenya, Arabuko Sokoke na Gede huko. Huku kusini wanakuja kutaga, na wanataga wakati wa mvua. Kwa hiyo mimi ningesema nenda mvua zikishaanza kushika, mwezi wa kumi na mbili au wa kwanza, ubebe buti na sweta, juu kule ni zaidi ya mita 800 toka usawa wa bahari, alfajiri sio joto la Lindi mjini hilo.

Huyo mkesha ni ndege wa chini. Mgongo kahawia, tumbo jeupe lina madoa meusi, bawa lina mistari miwili myeupe, anatembea kwenye majani makavu anayapekua anatafuta wadudu, akikusikia anaganda hapo hapo na wewe unapita humuoni. Ndo maana nasema usitembee sana. Ingieni msituni kabla jua halijachomoza, tafuteni sehemu yenye majani mengi chini na kivuli kizito, kaeni nusu saa bila stori, simu silent, macho chini. Ukisikia majani yanakwaruzwa usinyooshe kidole, geuza kichwa taratibu tu.

Wa pili ni batisi wa Reichenow, kadogo kana barakoa nyeusi machoni, ameandikwa kisayansi tangu 1911 na duniani kote anapatikana kusini mashariki mwa Tanzania tu, yaani ni wetu kabisa. Huyu anakaa matawi ya chini na ya kati, mara nyingi kwenye kundi la ndege mchanganyiko, kwa hiyo ukiona kundi linapita usiangalie ndege wa kwanza ukaridhika, angalia kundi lote mpaka liishe.

Afu kuna zuwakulu wa kijani, huyo yuko juu kwenye miti mikubwa, utamsikia kabla hujamuona, anarudia mlio mmoja kama mtu anagonga kigogo. Tafuta mti wa jamii ya mkuyu wenye matunda, simama chini yake, subiri. Cha kushangaza ndugu zake wa karibu wako msitu wa Ngoye, Afrika Kusini, katikati yote hapo hawapo!

Mavazi ni suruali ndefu, soksi, rangi za kufifia. Nguo za mabaka ya jeshi usivae, kwa raia ni kosa kisheria. Darubini azima hata moja mgawane, bila darubini ni kupoteza nauli. Merlin, programu ya simu ya kutambua ndege, ni ya bure, shusha faili la ndege wa Tanzania ukiwa bado mjini kwenye mtandao mzuri. Ila sauti za ndege usizipige kwa spika ili waje, ndege anadhani kavamiwa na mwenzake anaacha kiota anakuja kugombana na simu yako, na hawa wenyewe wamebaki wachache.

Mkilala ombeni kutoka usiku na mwongozaji, kuna komba wa Rondo, mdogo kuliko komba wote, mkia wake una manyoya kama brashi ya kusafishia chupa.

Wa Mtwara ambao Rondo mnaiona mbali, anzeni na Msimbati kwenye hifadhi ya bahari ya Mnazi Bay. Kati ya mwezi wa tisa na wa tatu kuna ndege mweupe na mweusi mwenye mdomo mnene, kazi yake kula kaa, anakuja kutoka nchi za Uarabuni ambako anachimba shimo mchangani na kutaga humo. Ulizeni wavuvi maji yanakupwa saa ngapi mfike wakati yanatoka, yakishajaa hao ndege wanahamia mbali na mtabaki mnaangalia bahari.