Namna ya kubishania mapambano bora ya ngumi kijiweni

Katika vijiwe vya kahawa vya Mwanza, iwe Kirumba au Igogo, ubishi wa ngumi hukwama mapema kwa sababu mmoja anatetea pambano bora, mwenzake bondia bora, na wa tatu uhasimu bora, kila mtu akidhani swali ni moja. Kubalianeni kwanza mnabishania nini. Pambano hupimwa kwa usiku mmoja, ilhali uhasimu hupimwa kwa mapambano kadhaa ambayo kila upande ungeweza kushinda.

Kwa kipimo hicho, Muhammad Ali na George Foreman, waliokutana Kinshasa tarehe 30 Oktoba 1974, hawaingii kwenye orodha ya mahasimu, kwa kuwa walipigana mara moja tu. Mkisema hivyo mbele ya wazee mtajibiwa kwa ukali, basi pambano lao liwekeni haraka kwenye orodha ya mapambano, ambako hakuna atakayelipinga.

Kisha tazameni pambano zima, si vipande vya dakika mbili vinavyosambazwa kwenye simu, huku mkiandika pointi. Mshindi wa raundi hupewa 10, mwenzake kwa kawaida 9, na kila anapoangushwa hupungukiwa pointi nyingine moja. Umuhimu wa hesabu hiyo unaonekana katika pambano la kwanza la Manny Pacquiao na Juan Manuel Márquez, Mei 2004. Márquez aliangushwa mara tatu katika raundi ya kwanza; majaji wawili wakaandika 10-6, wa tatu akaandika 10-7, na pambano likaisha kwa sare. Jaji huyo angeandika kama wenzake, Pacquiao angeshinda. Hata hivyo, wanaomtetea Márquez wana hoja nzito, kwani baada ya kipigo kile alisimama na kutawala raundi nyingi zilizofuata. Pacquiao alishinda kwa pointi mwaka 2008 na 2011, mara zote mbili kwa utata, mpaka Desemba 2012 Márquez alipomlaza kwa konde moja la kulia katika raundi ya sita. Asiyehesabu raundi za wawili hawa mwenyewe anywe kahawa yake kimya.

Kwangu, hata hivyo, mahasimu wakubwa zaidi ni Ali na Joe Frazier: Frazier alishinda mwaka 1971, Ali akashinda 1974, na Manila, mwaka 1975, kona ya Frazier, yaani kocha na wasaidizi wake, ilimzuia asitoke kwa raundi ya 15. Marvin Hagler na Thomas Hearns, mwaka 1985, walimalizana ndani ya raundi tatu. Hilo ni pambano tu, ingawa ni la moto.

Linabaki suala la bondia wetu Hassan Mwakinyo, ambalo huibuka kila mara. Kumsimamisha Sam Eggington katika raundi ya pili, huko Birmingham mwaka 2018, kulikuwa ushindi mkubwa kwa Tanzania, lakini pambano lenyewe lilikuwa la upande mmoja. Fungueni orodha ya tatu, ya matokeo yaliyowashangaza watu, na Mwakinyo awe wa kwanza kuandikwa.