SOMO: Pikapu imechoka na unataka kuiuza, utengeneze kwanza au uiuze hivyo hivyo?

Salama wagosi, na nyie wageni mliokuja kula raha Tanga karibuni. Hili somo kuna watu wameniomba inboksi mpaka nimeona aibu, sasa kaeni mkao wa kusoma maana litakuwa refu kidogo.

Niseme mapema mimi sio fundi. Nimemiliki pikapu mbili, zote Hilux za zamani zile za dizeli injini ya 3L (hilo ni jina la injini, sio lita tatu), ya pili nimekaa nayo miaka 11 nikibeba machungwa ya Muheza, mbao, samaki, mpaka maharusi nimebeba. Hiyo nimeiuza vizuri. Ile ya kwanza niliuza kijinga na ndiyo iliyonifundisha.

Ilikuwa hivi. Nilipewa bei ya milioni 6 ikiwa imechoka vile vile, nikaona ndogo, nikaipeleka kwa fundi bodi ikanyooshwa ikapigwa rangi nyeupe, milioni 1 na laki 4 ikaenda. Inang'aa kama sahani ya harusi. Akaja mzee mmoja kutoka Pongwe, kavaa kanzu yake safi, hata salamu hazijaisha akatoa mfukoni sumaku ya spika kaifunga kwenye kitambaa, akaanza kuipitisha mlangoni taratibu. Juu inashika. Katikati inashika. Kufika chini karibu na kizingiti sumaku ikadondoka mchangani, tap. Akanitazama, "Mwanangu, huku chini umeweka nini?" Puti. Ule udongo wa fundi bodi wa kuzibia mashimo, puti tupu, bati lilishaliwa na kutu zamani. Akanishukuru akapanda bodaboda akaondoka. Nikakaa nayo miezi 4, nikaja kuiuza milioni 6 ile ile.

HATUA YA 1: Jua bei yake ilivyo leo
Kabla hujamwambia fundi neno. Uliza watu watatu, kila mmoja kivyake: dalali, mtu anayeendesha pikapu kama yako, na fundi ambaye hategemei umpe kazi. Hapo kwa fundi muwe makini, fundi mwenye njaa ukimuuliza "nitengeneze?" unategemea akujibu nini?

HATUA YA 2: Chesis (fremu ya chuma inayobeba gari zima) kabla ya kitu chochote
Watu wa bara wanaanza na injini, sisi wa pwani tunaanza chini. Upepo wa bahari una chumvi, na kama gari imewahi kubeba samaki ndio balaa kabisa, maana maji ya barafu na chumvi yanachuruzika kwenye bodi yanakaa juu ya chesis siku nzima. Ingia chini na bisibisi kubwa na tochi. Gonga pale juu ya ekseli ya nyuma, gonga zinaposhikia springi, gonga nyuma ya tairi za mbele ambako matope yanajikusanya. Sauti ikiwa kali kama unagonga reli, sawa. Ikiwa inadunda kizito na magamba yanadondoka, sukuma bisibisi. Ikizama, simama hapo hapo, usiweke hata shilingi moja kwenye hiyo gari. Iuze kwa bei yake ukisema ukweli, au ichinje uuze spea, injini nzima ya 3L na gia boksi vina watu wake siku zote. Ukiichinja pita TRA (mamlaka ya mapato) ufute usajili, usiache kadi inazunguka na jina lako.

HATUA YA 3: Isikilize injini asubuhi ikiwa baridi
Baridi kabisa, imelala usiku. Ikiwaka angalia moshi. Wa bluu usioisha inakula oili. Mweusi ukikanyaga, mara nyingi ni nozo, pampu au kisafisha hewa kimeziba, hiyo sio kilio. Mweupe kidogo ukapotea ikipata moto ni kawaida ya dizeli yenye hita plagi (za kupasha injini iwake) zilizokufa, ila ukiendelea na maji yanapungua rejeta, hapo waza gasket ya silinda hedi au hedi yenyewe imepasuka.

Halafu fungua mfuniko wa oili injini ikiwa inaunguruma, uulaze tu juu ya tundu. Ukitetemeka kidogo poa. Ukirukaruka kama mfuniko wa sufuria ya wali na moshi unapuliza, ringi za pistoni zimekwisha, na kila mnunuzi wa hapa anaijua hiyo staili kwa hiyo usijidanganye utaificha. Rejeta nayo ifungue ikiwa BARIDI tu, jirani yangu kaungua uso kwa hili.

HATUA YA 4: Sasa hesabu
Hapa ndio watu wengi tunafeli kwa sababu tunajiuliza "ikiwa nzima itauzwa ngapi" badala ya kujiuliza pesa niliyoweka itarudi na nini mkononi. Nawapa hesabu yangu ya ile ya pili. Ilivyo: milioni 7. Fundi akaniambia ovaholi, yaani kuifungua injini yote na kuifanya upya, milioni 2 na laki 6. Dalali akasema ikifanyiwa ovaholi itafika 8 na nusu. Yaani niweke 2.6 nivune 1.5, nikae bila gari mwezi mzima, na tunajua injini ikishafunguliwa makadirio huwa hayabaki pale pale, utapigiwa simu "bosi na krenki imechubuka".

Nikaacha. Nikafanya vidogo: hita plagi nne elfu 60, hosi ya rejeta 25, taa za nyuma na balbu 40, kit ya masta silinda ya breki (raba zake za ndani) 45, ufundi 70, kuosha injini 10. Jumla laki 2 na nusu. Ikauzwa milioni 7 na laki 8. Injini ni ile ile inayokula oili kidogo, na nilimwambia.

Kipimo changu siku hizi: laki moja isiporudi laki na nusu sigusi. Vinavyorudisha ni vile vya kumtisha mtu dakika 10 za kwanza, gari kugoma kuwaka, taa kufa, oili kudondoka chini, mlango usiofunga, harufu ya dizeli ndani. Visivyorudi ni rangi, ovaholi, redio, siti mpya. Tairi ziache kama bado hazijawa vipara, mbeba machungwa ataweka za kwake anazozijua.

Breki na steringi hazimo kwenye hesabu hii. Mtu atataka kuijaribu barabarani, kama breki hazishiki tengeneza, au aikute imesimama na iondoke kwa kuvutwa. Hapo sijadili.

HATUA YA 5: Karatasi
Mnaidharau hii na ndiyo inakula pesa kuliko ringi. Pikapu za namba A na B (usajili wa zamani) nyingi zimeuzwa mkono kwa mkono, kadi bado ina jina la mtu wa tatu huko nyuma ambaye kahamia Lindi. Hicho kitu peke yake kinakushusha bei vibaya sana na mnunuzi ana haki. Mtafute huyo mtu KABLA ya kutangaza. Angalia kwenye simu kwa namba ya gari kama kuna faini za trafiki, lipa. Mkataba uandikwe kwa wakili, kopi ubaki nayo, na uhakikishe umiliki umehamishwa TRA, usiishie kukabidhi funguo na dua.

HATUA YA 6: Siku mnunuzi akija
Usiipashe moto. Mtu mzoefu anashika boneti kabla ya kukupa mkono, akikuta ya moto anajua kuwaka asubuhi ni shughuli. Mtajie ubovu mwenyewe, mitatu mikubwa, na bei iwe imeshautoa. Akija kuugundua yeye ataukata mara mbili.

Maswali karibuni.

MASWALI

BintiChumbageni: Asante kaka kwa somo. Sisi ni ya marehemu baba, imekaa chini ya mwembe miaka 3. Ndugu wanataka tuiwashe kwanza ndio tuuze, wewe unaonaje?

Jibu: Poleni sana dada. Msiipige stata kwanza. Fundi amwage dizeli ya zamani, aangalie oili, azungushe injini kwa spana kwa mkono aone kama haijakamata, ndio mtie betri. Ikiwaka mmepata bei nyingine kabisa, hiyo ni pesa ndogo inayolipa. Ila kikubwa zaidi kwenu ni mirathi. Lazima awepo msimamizi aliyeteuliwa na mahakama, bila hivyo hakuna wa kusaini mauziano, na ndugu mmoja akikasirika gari inarudi chini ya mwembe.

Mkwezi_wa_Pangani: Mgosi mimi fundi ananiambia atatengeneza kwa mkopo, nimlipe nikiuza. Si bure hiyo?

Jibu: Bure iko wapi hapo mgosi? Gari inalala kwake, ikikaa miezi mitatu bila mnunuzi deni ni lile lile na wewe huna gari wala sauti. Ukikubali andikianeni, kazi gani, bei gani mwisho, na gari ilale kwako.

Spana 17: Napinga. Mimi nilifanya ovaholi nikauza 11, faida nimeiona.

Jibu: Shehe wewe si fundi mwenyewe, ufundi hujalipa! Toa hiyo. Na uliitumia mwaka mzima baada ya ovaholi au niseme uongo?

Spana 17: Mwaka na nusu 😂

Jibu: Basi hukutengeneza ili uuze, ulitengeneza ili ule.

kijana wa Makorora: Kuna oili nzito mtu akiweka moshi unapotea siku mbili tatu, mbona hujaisema?

Jibu: Sijaisema makusudi. Tanga ndogo hii, Muheza mwendo wa nusu saa, mtu anakujua kwako na kwa wakwe zako.

Mzee Sahare: Mwanangu, injini ya mtumba kutoka Japani nikiipandisha badala ya ovaholi, itanilipa kuuza?

Jibu: Shikamoo mzee. Hesabu ni ile ile, nayo mara nyingi hairudi. Halafu namba ya injini ipo kwenye kadi, ukibadilisha injini ukabadilishe na TRA, mnunuzi akilinganisha namba akakuta hazifanani atadhani ya wizi. Kama ni ya kutumia mwenyewe miaka mitatu minne mbele, weka. Kama ni ya kuuza mwezi ujao, nipigie picha za chesis kwanza nizione.