Kabla ya Kujenga Banda la Kuku Uani, Zijue Sheria Ndogo za Halmashauri Yako

Wafugaji wengi wanaoanza kufuga kuku mjini huulizia kwanza bei ya vifaranga, kisha bei ya chakula, kisha soko la mayai, na suala la iwapo wanaruhusiwa kufuga mahali wanapoishi hulikumbuka siku afisa afya anapobisha hodi. Kufikia hapo banda limekwisha kujengwa, mitetea imeanza kutaga, na kila marekebisho yanayotakiwa ni gharama ambayo haikuwamo kwenye hesabu ya mwanzo.

Idadi ya kuku ambao kaya inaweza kufuga uani kwa kawaida haipatikani katika sheria zinazotungwa na Bunge. Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Miji) ya mwaka 1982, ambayo ni Sura ya 288, imezipa halmashauri za majiji, manispaa na miji mamlaka ya kutunga sheria ndogo kwa ajili ya maeneo yao, na humo ndimo masuala ya vibali, idadi ya mifugo na usafi wa mabanda yanamowekwa. Kwa hiyo mkazi wa Mbagala anayehamia Kibada asidhani kwamba utaratibu aliouzoea amehama nao, kwa kuwa ametoka Manispaa ya Temeke na kuingia Manispaa ya Kigamboni, ingawa bado yumo mkoa uleule wa Dar es Salaam. Hali haitofautiani sana kwa majirani zetu: Kampala ilitunga kanuni zake za ufugaji na kilimo cha mjini mwaka 2006, na Kaunti ya Nairobi ikapata sheria yake ya kilimo cha mjini mwaka 2015.

Njia nzuri ya kuanza ni kwenda ofisi ya serikali ya mtaa na kumwona mtendaji, ambaye atakuelekeza kwa afisa mifugo wa kata. Usitosheke na jibu la mdomo la kwamba "hapa watu wote wanafuga". Omba kuonyeshwa sheria ndogo yenyewe, yenye namba ya Tangazo la Serikali, na ikiwa kata haina nakala, ofisi ya sheria ya halmashauri inapaswa kuwa nayo. Ukiipata, anza na kifungu cha tafsiri, kile ambacho wasomaji wengi hukiruka. Sheria ndogo ya kudhibiti mifugo inaweza kusomeka kana kwamba inazungumzia ng'ombe na mbuzi tu, lakini maana ya neno "mifugo" iliyotolewa mwanzoni ikawa imejumuisha kuku na bata, na kila katazo linalofuata likawa linakuhusu. Baada ya hapo tafuta mambo manne: kama kibali kinahitajika, idadi inayoruhusiwa, umbali wa banda kutoka nyumba ya jirani, na adhabu. Mpangaji ana karatasi nyingine ya kusoma, nayo ni mkataba wake wa pango, maana mwenye nyumba anaweza kukataza kile ambacho halmashauri inakiruhusu.

Zipo pia sheria za nchi zinazomgusa mfugaji hata pale ambapo sheria ndogo iko kimya. Sheria ya Afya ya Jamii ya mwaka 2009 na Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 zinahusu uchafu, harufu na kero kwa wakazi wengine, wakati Sheria ya Magonjwa ya Wanyama ya mwaka 2003 inahusu udhibiti wa maradhi. Kwa uzoefu wangu, ni nadra afisa kufika nyumbani kwa mtu kwa ajili ya kuhesabu kuku. Hufika kwa sababu jirani amelalamika, na malalamiko hayo takriban siku zote ni ya namna nne: harufu, inzi, kelele, na kuku wanaozurura.

Niliwahi kuitwa kusuluhisha ugomvi wa nyumba mbili ambapo banda lilikuwa limeegeshwa kwenye ukuta wa mpakani, chini kabisa ya dirisha la chumba cha kulala cha jirani. Jogoo alianza kuwika saa kumi alfajiri, na mchana mitetea iliruka ukuta na kuparura matuta ya mchicha wa mama yule hadi mizizi ikabaki nje. Kuku walikuwa kumi na wawili tu, idadi ambayo isingemsumbua mtu yeyote kama banda lingejengwa upande wa pili wa ua na kuzungushiwa wavu. Jogoo mwenyewe hakuwa na kazi ya lazima pale, kwa sababu mtetea hutaga bila jogoo. Jogoo huhitajika pale tu unapotaka mayai ya kuatamiwa, na mfugaji wa mjini anayeuza mayai ya kula anaweza kumchinja sikukuu ya kwanza itakayofika.

Harufu inahitaji uangalifu zaidi, kwa kuwa ndiyo inayovuka ukuta bila kuonekana. Chanzo chake kikubwa ni matandiko yaliyolowa, iwe ni maranda au pumba za mpunga, kutokana na chombo cha maji kinachovuja au mvua inayopenya ubavuni. Chukua matandiko kiganjani na uyafinye: yakigandamana kama donge, yamelowa na yanapaswa kuondolewa, yakimeguka ukifungua kiganja, yako sawa. Usisonge kuku wengi mahali padogo. Kwa kuku wa mayai au wa kienyeji, wanne hadi watano kwa mita moja ya mraba wanatosha. Inzi nao, katika joto la pwani, hukua kutoka yai hadi inzi kamili kwa muda wa siku 7 hadi 10 hivi, hivyo anayezoa kinyesi mara mbili kwa wiki na kukifunika kwenye shimo la mboji huwawahi kabla hawajaruka. Kinyesi kisimwagwe kwenye mfereji wa mvua, na banda lisijengwe ndani ya hifadhi ya barabara, hata kama jirani amekwisha kujenga genge lake hapo.

Kuhusu maradhi, mdondo (kideri, yaani ugonjwa wa Newcastle) ndio unaomaliza kuku wa mtaa mzima kwa siku chache. Chanjo ya I-2, inayostahimili joto kuliko chanjo nyingi za mdondo, hutolewa kwa tone moja jichoni na kurudiwa kila baada ya miezi 3, na ni busara majirani wanaofuga wakubaliane kuchanja siku moja. Kuku wakianza kufa kwa mfululizo, mwarifu afisa mifugo, usiwakimbize waliobaki sokoni, na mizoga uifukie kwenye shimo refu au uichome badala ya kuitupa jalalani, ambako mbwa wataisambaza.

Ikitokea umepewa ilani, isome kwa makini uone imetaja kifungu gani na imekupa siku ngapi za kurekebisha. Rekebisha kilichotajwa, kisha mwombe afisa aliyeitoa arudi kukagua ndani ya muda huo na kuandika kwamba ameridhika, na karatasi hiyo uihifadhi pamoja na kibali chako na kumbukumbu za chanjo.