Kabla hujaweka viashiria vya hali kwenye dirisha la usakinishaji

Fundi akitoka Lamu mjini kwenda kusakinisha programu hospitalini Faza, kisiwani Pate, husafiri kwa boti. Akifika na kugundua kitu kimekosekana, siku imepotea. Ndiyo maana ukurasa wa ukaguzi kwenye kisakinishi, yaani ule unaoonyesha kama vitu vinavyohitajika na programu vipo kwenye mashine, unastahili kutengenezwa kwa makini.

Jambo la kwanza ni kutenganisha taarifa na chaguo. Wengi huonyesha hali kwa kisanduku cha tiki kilichozimwa, chenye rangi ya kijivu. Usifanye hivyo. Kisanduku humwita mtu akibofye; kisipoitika, hudhani hana ruhusa ya msimamizi, au mashine imekwama. Tena tiki yenyewe haisemi kama kitu tayari kipo au ndiyo kitawekwa sasa. Kitufe cha Tab hukiruka kisanduku kilichozimwa, kwa hiyo asiyeona anayetumia kisoma skrini anaweza kukipita asijue kipo. Maandishi ya kijivu nayo hayasomeki barazani penye jua, na hata vipimo vya WCAG, mwongozo wa kurahisishia watu wenye ulemavu matumizi ya kurasa, vinavyodai uwiano wa rangi wa 4.5 kwa 1, vimesamehe sehemu zilizozimwa. Chombo cha kukagua rangi hakitakuonya.

Badala yake andika mstari wenye alama, jina la kitu na neno kamili la hali: "Ipo, toleo 4.8", "Haipo, itawekwa", "Imeshindwa kukaguliwa". Hiyo ya tatu husahaulika sana, na bila yake kosa la kusoma hugeuka "haipo" ya uongo. Rangi ya kijani au nyekundu iwe nyongeza tu. Kwa Inno Setup, zana ya kutengenezea visakinishi vya Windows, tengeneza ukurasa kwa CreateCustomPage, maneno yawe TNewStaticText na alama iwe TBitmapImage. Pitisha vipimo vyote kwenye ScaleX na ScaleY, zinazovikuza kulingana na skrini, la sivyo kwenye skrini ya asilimia 150 maneno yatakatwa mwishoni.

Kisha hakikisha unauliza mahali sahihi. Kwa .NET Framework 4.8, ambayo programu nyingi za Windows huitegemea, soma thamani ya Release kwenye rejista (hifadhi ya mipangilio ya Windows), chini ya NDP\v4\Full: 528040 au zaidi inatosha. Kuwepo kwa folda si ushahidi. Kitu cha biti 64 kitafute kwa HKLM64, yaani upande wa biti 64 wa rejista, kwa sababu kisakinishi cha biti 32 huelekezwa upande mwingine wa rejista na kurudi mikono mitupu.

Nafasi ya diski ndiyo inayodanganya zaidi. Ukiipima ndani ya InitializeWizard, sehemu ya msimbo inayoendeshwa kisakinishi kinapofunguka, umeipima mara moja tu, kabla mtumiaji hajahamisha folda kutoka C: kwenda D:. Ipime ndani ya CurPageChanged kila ukurasa unapofunguliwa, na weka ukurasa huo baada ya ule wa kuchagua folda. Ongeza kitufe cha "Kagua tena", ili aliyefuta mafaili asilazimike kuanza upya.

Ukizima kitufe cha kuendelea, sababu iandikwe papo hapo: "Zinahitajika GB 2, zipo GB 1.3". Onyo lisilozuia kazi lisikizime.

Usakinishaji wa kimya, yaani usiofungua dirisha la maswali, hauonyeshi ukurasa huo kabisa. Rudia ukaguzi wa lazima ndani ya PrepareToInstall, inayoendeshwa kabla ya usakinishaji kuanza na ambayo husimamisha kazi ikirudisha maneno, na andika matokeo kwenye faili la kumbukumbu kwa Log.

Jaribu ukurasa wa ukaguzi kwa kibodi pekee, kwa picha ya skrini isiyo na rangi, na kwenye mashine isiyo na kitu hata kimoja kati ya vinavyotakiwa.

Mwisho, fikiria picha itakayotumwa WhatsApp kuomba msaada. Toleo la kisakinishi na saa ya ukaguzi vionekane kwenye ukurasa uleule, na chini yake weka kisanduku cha maandishi ya kusoma tu, TNewMemo yenye ReadOnly, ili penye mtandao fundi anakili matokeo yote na kuyatuma kama yalivyo.