SOMO: Kunde ndani ya mihogo, hatua kwa hatua

Wadau, kila msimu naulizwa hili la kuchanganya mihogo na jamii ya mikunde, sasa naandika lote hapa, atakayeuliza tena namtumia hii.

1. Lima, toa magugu.

2. Kata pingili za sentimita 20 hadi 30 kwenye shina lililokomaa, lisilo na batobato wala michirizi kahawia (magonjwa ya virusi ya muhogo).

3. Panda mihogo mita 1 kwa mita 1.

4. Hapa ndo watu wanaharibu, someni taratibu. Muhogo miezi mitatu ya mwanzo unakua polepole na jua linafika chini, huo ndo muda wa kunde, kwahiyo panda siku moja na mihogo au ndani ya wiki mbili. Ukichelewa mihogo inafunga kivuli, unabaki na kunde za majani bila maganda. Chukua kunde ya kusimama inayokomaa mapema. USIPANDE ile ya kutambaa, inaparamia muhogo mchanga mpaka inaulaza. Mistari miwili katikati inatosha, kila mmoja sentimita 30 kutoka kwenye muhogo. Wa tatu ni tamaa tu, vyote vitadumaa.

5. Ukivuna using'oe. Kata chini, mizizi ioze humohumo, na majani yatandaze. Naitrojeni (kirutubisho cha kukuza mmea) nyingi inaondoka na punje, ukibeba na mabaki basi muhogo hujauachia kitu.

Swali: Mkuu kunde napanda lini?
Jibu: Hatua ya 4.

Swali: Mi nilishapanda mihogo, huu ni mwezi wa pili tangu nipande naelekea wa tatu, bado nawahi?
Jibu: Hapana. Nimeandika wiki mbili.

Swali: Nimechimbua kunde moja mizizi ina vinundu, nimepasua ndani ni vyekundu, ni ugonjwa?
Jibu: Safi sana kwa kupasua! Humo mna bakteria wanaonasa naitrojeni ya hewani na kuupa mmea, wekundu maana yake wako kazini. Vikiwa vyeupe au kijani ndani havifanyi kazi. Jaribu kukibandua kwa ukucha, cha bakteria kinabanduka, ila uvimbe wa minyoo fundo (minyoo midogo ya udongoni inayoshambulia mizizi) ni mzizi wenyewe umevimba, haubanduki.

Swali: Kwahiyo nikiongeza urea vitakuwa vingi?
Jibu: Vitapungua, urea ni mbolea ya naitrojeni, na mmea ukipata naitrojeni ya bure hauwalishi tena bakteria. Kunde inataka fosforasi.

Mdau: Na karanga je? Mimi nachanganya nazo.
Jibu: Zinafaa, ila wakati wa kuvuna chimba mbali na shina, jembe likikata mizizi ya muhogo uozo unaingilia hapo.