Kabla ya Kushika Upanga wa Mbao: Mambo ya Kuzingatia kwa Anayetaka Kujifunza Silaha za Jadi za Kijapani

Wengi wanaotaka kujifunza upanga wa Kijapani huanza kwa kuuliza wanunue upanga gani. Nakuomba uanze bila kununua chochote. Siku ya kwanza nguo nyepesi ya mazoezi inatosha, kucha ziwe fupi, pete na saa zibaki nyumbani. Silaha utaitafuta ukishampata mwalimu, kwa kuwa kila shule ina vipimo vyake. Upanga wa mbao wa kawaida, bokken, una urefu wa karibu sentimita 102. Wa Katori Shinto-ryu, mojawapo ya shule kongwe za upanga, ni mfupi kidogo, umenyooka zaidi na ncha yake ni butu. Jo, fimbo ya urefu wa kati, ni sentimita 128. Anayenunua mapema hununua mara mbili.

Jua pia unabisha mlango upi. Kendo ni mchezo wa kisasa: unavaa kinga za kichwa, kifua na mikono, unatumia upanga wa mianzi, na mashindano yapo. Iaido ni kuchomoa upanga alani, kukata, kisha kuurudisha, mara nyingi ukiwa peke yako na adui ukimwona akilini tu. Halafu kuna koryu, shule kongwe zilizoasisiwa kabla ya mageuzi ya Meiji ya mwaka 1868, utawala wa wapiganaji ulipoisha na mfalme wa Japani kurudishiwa madaraka. Katori Shinto-ryu, iliyoanzishwa na Iizasa Ienao katika karne ya 15 kwenye eneo ambalo leo ni mkoa wa Chiba, hadi sasa inafundisha upanga, fimbo ndefu, naginata (mti mrefu wenye ubapa uliopinda nchani), mkuki na hata kurusha shuriken, vyuma vidogo vyenye ncha.

Katika shule hiyo, mwanafunzi hutia sahihi kiapo kwa damu ya kidole chake kabla ya kufundishwa. Anaapa kutotoa mambo ya shule nje, hata kwa ndugu zake. Kutotumia sanaa hiyo kwa ugomvi. Kutocheza kamari wala kuzoea mahali pa fedheha. Na kutopambana na wafuasi wa shule nyingine bila idhini. Kwingine hutaombwa damu, ila utatarajiwa ubaki miaka, si miezi. Kama unajua mwakani unahama kwa kazi au masomo, mwambie mwalimu mapema. Na wewe muulize, kwa adabu, nani alimfundisha na kama ana idhini ya kufundisha. Mwalimu wa kweli hataona tabu kumtaja mwalimu wake.

Jambo la kuinama lizungumze kabla, lisije kukukwaza ukumbini. Utainama kwa mwalimu, kwa mwenzako, kwa upanga, na mara nyingi kuelekea upande wa mbele wa ukumbi, ambako huenda pana kimadhabahu cha Kishinto, dini ya jadi ya Wajapani. Mwislamu au Mkristo mwenye shaka amweleze mwalimu faraghani, wakubaliane atafanya nini wenzake wakiinama. Kuondoka katikati ya salamu bila maelezo ndiko kunakoumiza watu.

Sasa nije kwenye kata, ambako ningependa ukae zaidi na kufikiri. Neno lenyewe litamchanganya Mswahili: kwa Kijapani si amri ya kukata, ni mfuatano wa vitendo uliopangwa, wa mashambulizi na majibu. Katika upanga wa watu wawili, mkubwa huitwa uchidachi na mwanafunzi shidachi. Mkubwa ndiye anayeshambulia, na ndiye anayeshindwa. Kila mara. Mtu mwenye miaka ishirini ya mazoezi anakuachia nafasi umfikie shingoni, ili mwili wako ujifunze saa ya kuingia. Mimi jambo hili lilinigusa kuliko mapigo yote. Basi usije na hasira za ofisini, wala usingizi, wala dawa zinazolevya. Ukiwa hivyo, kaa pembeni utazame. Kagua mbao zako pia. Upanga wa mwaloni uliopasuka unaweza kuvunjika kipande kikaruka jichoni. Na upanga wa mbao usiuone kitu cha watoto: Wajapani husimulia kwamba mwaka 1612, kisiwani Ganryujima, mpiga upanga mashuhuri Miyamoto Musashi alimuua mpinzani wake Sasaki Kojiro kwa upanga wa mbao.

Magoti yaandae wiki kadhaa kabla, hasa ukielekea iaido. Kikao cha seiza, miguu ikikunjwa chini ya makalio, kinafanana na kikao cha tahiyatu, kwa hiyo anayeswali ana pa kuanzia. Tofauti ni muda, na kwamba kutoka hapo unatakiwa uinuke huku unachomoa upanga. Mwenye goti bovu aseme; zipo kata za kusimama.

Ukifika wakati wa kununua upanga wa chuma, uliza kwanza polisi na forodha wa nchi yako, kwa maandishi. Japani kwenyewe panga zenye makali lazima zisajiliwe, ndiyo maana wanafunzi wengi hutumia iaito, upanga wa aloi usionolewa. Ukisafiri kwa ndege, hata wa mbao hauingii nawe ndani. Unakwenda na mizigo.

Upanga wa chuma cha kweli hupakwa mafuta ya choji ili usipate kutu, na choji ni karafuu, hii hii tunayoijua. Lakini kuliko mafuta, angalia mekugi: kigingi kidogo cha mwanzi kinachopita kwenye mpini na kuushika ubapa wa upanga usichomoke. Kikilegea, chuma kinaweza kuruka ukumbini wakati unakata. Kiguse kwa kidole gumba kila siku kabla ya salamu ya kwanza, iwe iaito au upanga wenye makali. Ukihisi kinacheza, rudisha upanga alani, mwambie mwalimu, na siku hiyo ufanye mazoezi kwa mbao.